Mkono wa Venansi Katika Njia ya Makaburini

Mwaka 2006, majira ya baridi, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, niliingia kwa mara ya kwanza katika karakana ya mawe ya Mzee Tarcisio, nyuma ya bandari ya Durban. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 3 Julai. Naitaja tarehe kwa sababu ninyi, wenzangu wadogo mliobaki karakanani, hupenda kusema "zamani zile" kana kwamba zamani yote ilikuwa siku moja. Nimestaafu mwezi Machi 2025, nanyi mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Habari za mshahara hamtazipata humu, mshahara mnaujua. Vyeo navyo havitachukua nafasi: niliajiriwa mng'arishaji, baadaye nikaongezewa kazi ya kuchonga herufi, na ile ya kwanza hakuna aliyeniondolea.

Siku hiyo nilipewa ndoo ya maji, vipande vya msasa vya viwango saba, na kichwa cha simba. Mzee Tarcisio alinionyesha kwa vidole, maana Kiingereza changu wakati huo kilikuwa salamu tu. Unaanza na msasa unaokwaruza kama chumvi ya mawe, unamaliza na ule ulio laini kama kitambaa. Hairuhusiwi kuruka kiwango hata kimoja. Mkwaruzo ulioachwa na kiwango cha pili hauonekani ukiwa kwenye cha tatu wala cha nne. Hujitokeza kwenye cha saba, mbele ya mteja. Taa uiweke ubavuni mwa jiwe, kamwe usiiweke juu yake. Haya mnayajua, lakini nimewaona wawili kati yenu wakiweka taa juu.

Saa nne tulikaa kunywa chai. Palikuwa na viti vinne, nasi tulikuwa watatu: Mzee, mimi, na Dumisani, aliyeendesha lori na kuyachonga mawe umbo la awali. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Hapo pana mwenyewe, Mama," alisema Mzee kwa Kiingereza, na Dumisani akanitafsiria.

Niliomba radhi, nikauliza mwenyewe yuko wapi.

"Roma. Amekufa miaka mia tatu na kitu."

Dumisani alinisogezea kreti ya soda nikalie. Yeye alikuwa amejifunza Kiswahili kutoka kwa Wakongo wa sokoni, akakichanganya na vyote alivyokuwa navyo. "Usiogope, Mama," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hata mimi nilimungoja wiki muzima. Eish, nilifikiri iko kwa taxi."

Mwenye kiti alikuwa Maestro Fulgenzio, mchongaji wa zama ambazo wajuzi huziita za baroko. Kwa Mzee Tarcisio alikuwa babu wa babu za mababu, na pia mshirika katika biashara. Sijawahi kuona karatasi inayothibitisha la kwanza wala la pili. Ila kila tulipopokea oda Mzee alikitazama kile kiti kwanza, kisha akamwambia mteja: "Maestro anakubali," au, mara nyingi zaidi, "Maestro ana wasiwasi."

Maisha ya Maestro niliyasikia vipande vipande kwa miaka, nami nayaandika kwa mpangilio ambao Mzee hakuwa nao. Alizaliwa chini ya milima ya mawe meupe, mwana wa mtu aliyeswaga maksai wa kuburuta mapande ya marumaru. Akiwa kijana alikwenda Roma kwa miguu. Kabla ya zama zake, alisema Mzee, sanamu zilisimama kama wanafunzi mbele ya mkaguzi, mikono ubavuni. Watu wa baroko wakasema jiwe lishikwe likiwa katikati ya tendo: nguo inapepea, kinywa kinakaribia kusema, mtu amesikia jambo nyuma yake na shingo ndiyo imeanza kuzunguka. "Chonga pale mtu anapogeuka," ndiyo kanuni ya Maestro, nasi tuliisikia kila siku ya kazi.

Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kaburi la kardinali mmoja aliyekuwa mgonjwa mahututi. Maestro alimchonga amejiinua kitandani, anaitikia mwito wa mbinguni. Kardinali akapona. Akaja kuitazama sanamu, akasema uso umekonda mno. Maestro akachonga uso mwingine. Mwaka uliofuata kardinali akanenepa, akaja tena, akalala juu ya kaburi lake mwenyewe ili vipimo vichukuliwe, akasinzia mpaka jioni. Hivyo ndivyo walivyoendelea hadi Maestro akafariki yeye kwanza. Kardinali alizikwa mji mwingine, na kaburi likanunuliwa na mwoka mikate, akahifadhia unga ndani yake. Mzee aliisimulia habari hii kama ushindi. Nilipomuuliza ushindi uko wapi, alijibu kwamba unga ule haukuwahi kuingiwa na panya.

Mtaelewa, basi, kwa nini wateja wetu walitoka na mshangao. Bwana mmoja wa Morningside aliagiza simba wawili wa lango. Mmoja ndiye yule niliyeanza naye kazi. Alipokuja kuwachukua aliwakuta wameinua macho juu, midomo imefunguka, nywele za shingoni zimepeperushwa na upepo ambao haukuwapo.

"Niliomba simba wa kutisha wezi," alisema. "Huyu analia."

"Haombolezi, anatubu," alijibu Mzee. "Mwizi akimwona atatubu pia."

Bwana yule aliwachukua. Mwaka 2009 alirudi kuagiza wa tatu, kwa hiyo labda wezi walitubu kweli. Kanisa moja la ndugu zetu wa Burundi, huko Cato Manor, liliagiza malaika mtulivu wa kusimama mlangoni. Walipelekewa malaika aliyekumbwa na dhoruba, kanzu imefunuka mpaka gotini. Wazee wa kanisa walimgeuza aelekee ukutani, na walipogundua kwamba mgongo nao una mambo yake, wakampandia ua la kutambaa.

Mimi nilianza shule ya watu wazima mwezi Februari 2008, nikahitimu darasa la mwisho Novemba 2014, nikiwa na miaka arobaini na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nikipaka rangi ya dhahabu katika majina ya marehemu bila kuweza kuyasoma. Nilizijua herufi kwa tabia zao kazini: A huvunjika nchani, O hudai subira, na S ni ya kuogopwa na kila mtu. Baadaye nilipoweza kusoma nilitembea makaburini nikikutana na majina niliyokuwa nimeyashika kwa mikono yangu, kama mtu anayetambulishwa kwa wageni aliokwisha kuwapikia.

Aliyenihimiza nisome alikuwa mume wangu, Venansi. Kwetu Uvira, Kongo, alikuwa mwalimu wa jiografia. Durban haikumhitaji mwalimu wa jiografia aliyesomeshea kwa Kifaransa, hivyo akawa mlinzi wa magari katika maegesho ya maduka huko Morningside. Alivaa kizibao chenye mistari ya kung'aa, akawaongoza wenye magari kuingia na kutoka, nao wakampa sarafu. Alifanya kazi hiyo kwa utaratibu uleule wa darasani. Aliposikia gari likirudi nyuma aligeuka kwanza kwa bega, kisha shingo, na mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kuinuka, kiganja wazi, vidole vikiita polepole; halafu ghafla kiganja kikasimama, na gari likasimama nacho. Hakuwahi kugongesha gari la mtu.

Mzee Tarcisio alikuwa mteja wake wa kila Jumamosi. Mzee alikuwa na ugonjwa wa pingili za shingo, hakuweza kuangalia nyuma. Mtu aliyetuhubiria kugeuka maisha yake yote hakuweza kugeuka mwenyewe. Aliingia maegesho, akamtazama Venansi kwenye kioo, akarudi nyuma kwa imani tupu.

Venansi alifariki kwa ugonjwa wa moyo Jumapili, tarehe 3 Septemba 2017. Wiki ya pili baada ya mazishi nilirudi kazini, nikaanza kumchongea jiwe bapa jeusi, jina na tarehe tu. Mzee alikuja akasimama karibu nami.

"Hilo liache," alisema. "Lipo lile jeupe."

Lile jeupe lilikuwa pande la marumaru lililokuja bandarini kutoka kwenye milima ya Maestro zaidi ya miaka ishirini nyuma. Mzee alikuwa akiliweka kwa ajili ya kaburi lake mwenyewe. Nilimwambia siwezi kulilipia wala kulipokea.

"Miaka kumi na mmoja yeye ndiye aliyekuwa shingo yangu," alisema. "Nionyeshe alivyogeuka."

Sikuweza kumwonyesha nikiwa nimesimama tu. Ikabidi Dumisani apande lori, alirudishe nyuma uani, nami nikasimama mahali pa Venansi nikaufanya mkono wake. Dumisani alisimamisha lori pale kiganja kiliposimama. Aliteremka, akavua kofia.

Tulifanya kazi hiyo kuanzia Oktoba hadi Agosti, katikati ya oda nyingine. Venansi alitokea magotini kwenda juu. Chini ya hapo jiwe liliachwa ghafi. Vidole vilikuwa vyembamba, kwa hiyo kati ya kidole na kidole tuliacha vishikizo vya mawe mpaka siku za mwisho, kisha tukavikata kimoja kimoja kwa msumeno wa waya, huku Mzee amekaa kwenye kiti cha Maestro amefumba macho. Kizibao ndicho kilichomfurahisha kuliko vyote. Alisema Maestro angeuza nafsi yake kwa ajili ya nguo kama ile. Alikipa mikunjo kumi na minane inayopepea, na mistari ya kung'aa nikaing'arisha mimi hadi kiwango cha saba, sehemu nyingine zote nikaziacha kwenye cha tano, ili jua likipiga ionekane ilivyokuwa.

Sasa nieleze desturi, kwa kuwa baadhi yenu mmezaliwa hapa. Kwetu, mjane huvaa nguo nyeusi mpaka kaburi limejengwa na ukoo wa mume umelikubali. Siku hiyo kaka mkubwa wa marehemu humfungua mjane kitambaa cheusi kwa mkono wake, na matanga yanakuwa yameondolewa. Kabla ya hapo mjane hasimami katika harusi, hata ya mtoto wake. Binti yangu Neema alikuwa aolewe tarehe 8 Desemba 2018.

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa shemeji Deo, mwenye duka la simu katikati ya mji. Alikuja karakanani mwezi Agosti kuona kaburi. Alilizunguka mara mbili.

"Mama Neema, hii ni nini?"

"Ni ndugu yako, shemeji."

"Ndugu yangu alikuwa mwalimu. Alikuwa anavaa kravati. Munamuvalisha jile ya parking?"

"Kizibao hicho alikivaa miaka kumi na mmoja. Kilinisomesha mimi na Neema."

"Kule nyumbani hawajue. Niliwaambia iko kwa biro, mu ofisi. Watu ya Uvira wakiona hii foto, nitasema nini?"

"Maestro anaona mkono ni mzuri," alisema Mzee kwa Kiingereza, akielekeza kidole kwenye kiti kitupu.

Shemeji alikitazama kiti, akanitazama mimi. "Munafanya kazi na watu gani humu?"

Kisha akaniambia neno lake la mwisho, kwa upole, na upole huo ulinisumbua kuliko hasira. Niweke jiwe bapa, lichorwe Venansi amekaa, ana kravati shingoni na kitabu mkononi. Kesho yake yeye atanifungua kitambaa, nami nitacheza harusini. Nikiweka hili, hafungui. Nilimjibu kwamba nitaliweka hili. Nilikuwa nimevaa nyeusi karibu mwaka mzima, na nilikuwa tayari kuivaa hadi kifo kuliko kumwonea aibu mume wangu.

Tulilisafirisha Jumanne, tarehe 18 Septemba 2018. Kwa Wazulu, marehemu akihamishwa huambiwa njia, asije akapotea. Dumisani hakukubali kuwasha lori kabla sijakaa nyuma karibu na sanamu. Nilikataa kwanza, nilimwambia Venansi kazikwa tangu mwaka jana, hili ni jiwe.

"Mama, wewe unasema ni jiwe. Yeye je, amesema?"

Basi nikapanda, na katika kila kona nikamwambia mume wangu: tunapita taa za robot, tunapanda mlima, sasa tunakata kushoto. Penye robot ya tatu mwanamke mmoja ndani ya teksi aliniuliza kama bwana anaumwa.

Makaburi yale ni ya watu binafsi, upande wa magharibi ya mji, na kaburi la Venansi liko mahali njia inapopinda. Hilo hatukulifikiria. Mtu anayekata kona anamkuta mwanaume mwenye kizibao cha kung'aa, kiganja juu, uso umegeukia gari lake. Anasimama. Akishasimama anaona vidole vinamwita arudi nyuma kidogo, anarudi. Katika juma la kwanza magari yaliegeshwa kwenye majani mbele ya Venansi kwa safu iliyonyooka kuliko ile ya maegesho yenyewe, ambayo ilibaki tupu. Juma la pili gari la maiti lilimfuata, likarudi kinyumenyume kati ya miti miwili bila kugusa tawi, likasimama. Jeneza likateremshwa. Wimbo wa kwanza ulikwisha kabla mtu hajagundua kwamba hapo hapana shimo.

Msimamizi wa makaburi, Bwana Naidoo, alikuwa mtu mwadilifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Aliamuru mkono ufunikwe kwa mfuko mweusi wa plastiki. Magari yakazidi kusimama, maana sasa watu walitaka kujua kuna nini ndani ya mfuko. Ndipo akatuita ofisini, akatangaza kwamba kilichojengwa pale si kaburi, ni alama ya barabarani isiyo na kibali, na alama za barabarani ni kazi ya serikali ya mji. Tukate mkono kwenye kifundo, au tuondoe chote.

"Ukikata mkono," alisema Mzee Tarcisio, "itabaki alama ya kuuliza."

"Naweza kumvalisha glavu," alisema Dumisani.

"Glavu itaonekana zaidi," alisema Bwana Naidoo, na niliona kwamba alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa dhati.

Nilimuuliza ni kifungu gani kinachokataza kiganja. Alinisomea kanuni zote, kwa haki kabisa, wala kiganja hakikutajwa. Alisema atakwenda kuona mahali penyewe mbele ya pande zote, kisha atatoa uamuzi usiobadilika. Alitaka pia saini ya mkuu wa ukoo wa marehemu, kwa vyovyote vile. Nilijua shemeji atasaini nini. Zilibaki wiki tatu kabla ya harusi.

Siku ya ukaguzi tulikuwa wanne kaburini saa tatu asubuhi: Bwana Naidoo na faili lake, Mzee Tarcisio kwenye kiti cha kukunja, Dumisani, na mimi katika nyeusi yangu. Mfuko ulikuwa umeondolewa ili ukaguzi uwe wa haki. Shemeji Deo alichelewa. Alikuja na gari lake jeupe jipya, akiongea kwa simu iliyobanwa begani, sauti imepanda. Nadhani ilikuwa habari ya mzigo wa dukani. Alikata kona. Aliuona mkono, akasimama. Sisi hakutuona, tulikuwa upande wa pili wa jiwe. Alitazama kioo, akarudi nyuma akifuata vidole, polepole, akaweka usukani sawa, akasimama pale hasa kiganja kilipomsimamisha. Kisha, simu ikiwa bado begani, aliteremsha kioo, akatoa mkono na sarafu.

"Aksanti, papa," alisema.

Mkono wake ulikaa nje ya dirisha. Hakuna aliyeipokea sarafu. Akainua macho aone kwa nini.

Simu iliendelea kusema peke yake, kisha ikanyamaza. Shemeji hakushuka mara moja. Aliangalia uso, akaangalia kiganja, akaangalia jinsi gari lilivyokaa kati ya kaburi na mti.

"Mnaona wenyewe," alisema Bwana Naidoo, akifungua kalamu. "Ushahidi umekamilika. Kitu hiki kinaongoza magari."

Shemeji alishuka. Alikuwa mtu mnene, na alitembea mpaka kwenye jiwe kana kwamba njia ni ndefu.

"Si kitu," alisema.

"Alama, basi."

"Hapana alama. Ni mudogo wangu. Venansi."

"Na anafanya nini hapa?" aliuliza Bwana Naidoo. Hakuuliza kwa dhihaka, alihitaji jibu.

Shemeji alinitazama. Mwaka mzima alikuwa hajanitazama hivyo. "Alikuwa anapaki magari," alisema. "Kule Morningside. Mimi nilikuwa ninapita barabara ingine, nisimuone."

Dumisani alivua kofia. Mzee Tarcisio alijaribu kugeuka amwone shemeji vizuri, akashindwa, akageuza kiti chote.

Bwana Naidoo aliifunga kalamu. Kisha alisema kwamba kanuni zinakataza alama, wala hazimkatazi marehemu kuonyeshwa jinsi alivyokuwa; kama mkuu wa ukoo anatamka kwamba huyu ni mtu, yeye hana mamlaka ya kumwita kitu kingine. Magari atayawekea kamba. Alifungua faili juu ya boneti ya gari jeupe. Karatasi ilikuwa na aina za makaburi zinazoruhusiwa: jiwe bapa, msalaba, malaika, na mwisho kabisa, nyingine, pamoja na mstari wa maelezo.

"Hapa kwenye nyingine," alimwambia shemeji, "niandike nini?"

"Andika: mwanaume, iko kazini."

Bwana Naidoo aliandika hivyo, akapiga muhuri. Shemeji alitia saini, akanijia, akafungua fundo la kitambaa changu cheusi. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 15 Novemba 2018.